Niliomba Kredi Nikikalia Fotei za Jirani

Mkiniona siku hizi nikipita katika avenyu yetu macho chini, msifikiri natafuta franga iliyoanguka katikati ya mawe ya volkano. Ni haya tu. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nimeandika mizigo pale bandarini mpaka nywele zikawa nyeupe, padiri wetu ananijua kwa jina, na bado wako watoto wa kartye, wa mtaa wetu huu, ambao wakinikuta njiani wananiamkia kwa heshima zote, "Jambo, muzee," halafu wakishanipita nasikia mmoja akimuuliza mwenzake kama leo nimetoka kupitia mlangoni au kupitia ukutani. Nawasamehe. Ukuta ule niliubomoa mwenyewe, mchana kweupe, kwa nyundo ya kuazima, na sababu yake, msicheke kabla ya wakati, ilikuwa kutaka kuonekana mtu wa kuaminika.

Wengi wenu mnamjua bibi yangu wa ndoa, Mama Nsimire. Tangu tutoke upande wa Bukavu tukahamia hapa Goma amekuwa akiuza vitenge, si dukani wala kibandani, ila kichwani: anazunguka soko zima na rundo lake, jua likiwaka yeye yuko chini ya jua, mvua ikinyesha anakimbia kujificha kwenye kibanda cha mtu mwingine, na mwenye kibanda anamwangalia kana kwamba mvua ameileta yeye. Basi mwaka ule (ni wakati benki na koperative za hapa mjini zilikuwa bado zinafunguliwa kila asubuhi, msinikumbushe ya leo) mwanamke mmoja mwenye kibanda kizuri, karibu kabisa na mlango wa soko, aliamua kumfuata binti yake Butembo, na kwa sababu alimpenda bibi yangu akamwambia kibanda ni chako, nakungojea mpaka mwisho wa mwezi, ukishindwa nampa mwingine. Mama Nsimire alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba nje ya kanisa tangu binti yetu wa mwisho aolewe.

Pesa hatukuwa nazo, lakini kulikuwa na kredi, na bibi yangu alikuwa mwanachama wa koperative ya akiba pamoja na wanawake wenzake wa soko. Wanakopa kikundi, wanalipa kikundi, na yeye hajawahi kuchelewa. Akasema ataenda kuomba kwa jina lake. Ni hapo, ndugu zangu, ni hapo hasa nilipofanya ule uamuzi mdogo uliozaa mengine yote, maana badala ya kunyamaza na kuendelea kunywa chai yangu nilikohoa nikasema, "Mama Nsimire, nyumba hii iko na mwanaume. Kredi kubwa inaombwa na mwanaume."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aniachie mimi.

Kesho yake nikavaa koti langu la misa nikaenda kwenye ile koperative. Aliyenipokea ni msichana mmoja mtulivu, mwenye miwani, jina lake Aline, ndiye aliyeshughulikia kredi za kartye yetu. Niliingia kifua mbele, kwa sababu zamani nilishawahi kukopa pale, kredi ya kununua mabati, na niliimaliza yote. Aline akatafuta jina langu katika mashini yake, akasoma, akarudia kusoma, akaniambia kwa sauti ya chini, kama daktari, kwamba alama zangu si nzuri. Nikamuuliza alama gani tena, mimi shule nilimaliza zamani na diploma ninayo sandukuni. Akanieleza kwamba kila mtu anayekopa ana alama zake, anazipata kutokana na jinsi anavyolipa, na wanaokopesha huulizana wao kwa wao kabla ya kumpa mtu pesa.

"Lakini mimi nililipa yote," nikasema.

"Ndiyo, papa, ulilipa yote. Lakini kila mwezi ulikuja nyuma ya siku yako. Ni kama mutu anafika ku misa wakati padiri anatoa baraka. Amefika, ndiyo. Lakini padiri amemuona."

Tena kulikuwa na mambo ya shemeji yangu, ambaye nilimdhamini pale pale bila kumuuliza pesa ni za nini (ni shemeji, utamuuliza nini?), naye akavuka ziwa kwenda kununua maharagi, na mpaka leo yale maharagi hayajaiva. Deni lake lilikuwa limelala juu ya jina langu miaka yote hiyo, na mimi nalala usingizi mtamu nikifikiri jina langu ni safi kama kitambaa cha altare.

Nikamuuliza alama hizo zinapandishwa namna gani. Na hapa lazima niseme ukweli, msichana alieleza vizuri sana, mjinga nilikuwa mimi. Alisema nianze kwa kumaliza lile la shemeji kidogo kidogo, niweke akiba kila juma hata kama ni kidogo, nichukue kredi ndogo niilipe siku yake, halafu nyingine, nisimdhamini mtu nisiyejua anakwenda wapi, na baada ya muda jina langu litasimama lenyewe. Mwisho kabisa, kama mtu anayefunga mazungumzo, akaongeza kwamba hata hivyo ombi langu amelipokea, na Alhamisi atakuja nyumbani kuona tunaishi vipi, kama wanavyofanya kwa kila mwombaji. Basi yale ya polepole yote niliyaacha pale pale juu ya meza yake. Nikabeba lile la mwisho tu, maana ndilo lililokuwa la haraka, na mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Nikajiambia: kumbe wanakuja kuangalia nyumba. Basi nyumba itasema.

Tatizo ni kwamba nyumba yetu haikuwa na mengi ya kusema. Ni nyumba ya mbao kama nyingine za kartye, chumba cha mbele kina meza moja, viti vidogo vya miguu mitatu, msalaba na kalenda. Nikafikiri, si kudanganya, ni kumpa mgeni mahali pazuri pa kukaa tu. Kiti kimoja kizuri, basi. Nikavuka barabara nikaenda kwa Papa Bauma.

Papa Bauma ni mtu wa milima ya Masisi, mfugaji tangu kuzaliwa. Aliposhuka kuja kukaa mjini aliuza ng'ombe wake wawili wa mwisho, na kwa kuwa mjini hapana pa kuchunga akanunua fotei, vile viti vya sofa: mbili, nyekundu, pana kama kitanda cha askofu, na mpaka leo hajazivua ile plastiki ya dukani. Kila asubuhi anazipangusa kwa kitambaa, anazipapasa mgongoni. Majirani tulikuwa tukimtania kwamba siku moja atazikamua. Nikamwomba aniazime moja kwa asubuhi ya Alhamisi. Akakataa kuzitenganisha, akasema zimezoea kukaa pamoja, moja ikibaki peke yake itaonekana kama yatima. Kama nataka, nichukue zote mbili, lakini kabla ya saa sita ziwe zimerudi zizini. Ndivyo alivyosema, zizini.

Alhamisi ikafika. Mama Nsimire akaenda soko alfajiri, sikumwambia kitu kwa sababu nilitaka arudi akute mambo yamekwisha, kredi imetoka, na mimi nimekaa kimya kama mtu asiyefanya jambo la ajabu. Tukazileta fotei, mimi na Papa Bauma na mwenye chukudu mmoja aliyekuwa anapita na ule mkokoteni wake wa mbao wa magurudumu mawili. Barabarani zilikuja vizuri. Mlangoni zikakataa. Tukaziinua wima, tukazilaza ubavu, tukazigeuza miguu juu, Papa Bauma akilalamika kila plastiki ilipogusa msumari, na hapakuwa na njia. Mtu mwenye akili angesema, sawa, Mungu hataki. Mimi nikasema, ukuta ni mbao tu. Nikaazima nyundo kwa jirani wa tatu, nikang'oa mbao za ukuta wa mbele moja baada ya nyingine, fotei zikaingia kupitia pale kama wageni wa heshima, na mbao nikazirudisha kwa kuziegemeza tu, bila misumari, maana misumari mingine ilikuwa imepinda na saa ilikuwa inakwenda.

Sasa sikilizeni jinsi kitu kimoja kinavyoita kingine. Fotei zilipokaa, chumba kikazidi kuwa maskini kuliko mwanzo. Zilionekana kama zimeibwa. Nikaona panahitajika kitu kingine cha kuzisindikiza, ili mgeni asishangae, nikaenda kwa Mama Riziki wa nyuma yetu, anayeuza samaki wa barafu, nikamwomba frigo yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, kwa hiyo aliniambia anaweza kuniachia kwa muda mfupi, ila samaki wamo ndani, bado wamegandana, nisifungue mlango kabisa, ikifunguliwa baridi inatoka na biashara yake inatoka nayo. Nikaapa. Mwenye chukudu akarudi kazini. Frigo nikaiweka pembeni, nikaifunika juu kwa kitambaa cha bibi yangu cha kufuma, nikakaa kwenye fotei kungoja. Plastiki ikalia chini yangu kwa sauti ambayo, nawaambia, ilinipa imani. Kwa muda ule mfupi nilikuwa tajiri.

Kitu ambacho sikujua, na ambacho kila mwanamke wa soko angeniambia kama ningeuliza, ni kwamba watu wa kredi hawaanzi kwako. Wanaanza kwa majirani. Wanataka kusikia kwanza wewe ni mtu gani, unagombana na nani, unalipa kwa nani, halafu ndiyo waje kukuangalia usoni. Nilimwona Aline kupitia mwanya wa mbao, anakuja na mkoba wake, nikasimama, nikatengeneza koti, na yeye akapita mbele ya parsele yangu kama kiwanja kitupu akaenda moja kwa moja kubisha kwa Papa Bauma.

Yaliyotokea kule nilihadithiwa baadaye, na Papa Bauma mpaka leo anayahadithia kwa kila anayetaka. Alimkaribisha mgeni kwa furaha, akanyoosha mkono kumwonyesha mahali pa kukaa, na mkono ukabaki hewani. Akazunguka nyumba nzima, akapata bidoni, dumu la maji, akalilaza, akalifunika kwa shati lake. Aline akakaa juu ya bidoni, akaona sakafuni mahali palipo safi kuliko pengine, alama za miguu minane, akamuuliza kama wako karibu kuhama. Papa Bauma akajibu kwamba hapana, anafanya usafi. Akaulizwa juu yangu, akasema mimi ni mtu mwema sana, mtu wa kanisa, mtu ambaye unaweza kumwachia kitu chochote, na hapo, anasema mwenyewe, kikohozi kikamshika.

Kutoka pale Aline akaenda kwa Mama Riziki. Joto lilikuwa limeanza, akaomba anunue maji ya baridi. Mama Riziki ni mtu wa maombi, hasemi uongo hata kwa mtoza ushuru, akajibu kwamba leo maji ya baridi hayapo. Mgeni akaangalia waya wa umeme unaoning'inia ukutani bila kitu chochote kwenye mwisho wake, akauliza kama frigo imeharibika.

"Hapana," Mama Riziki akasema. "Haiko mbali."

Basi alipofika kwangu, msichana wa watu alikuwa ameshaelewa, lakini uso wake haukusema kitu. Nikamkaribisha, akakaa, plastiki ikalia. Akapapasa mkono wa fotei, akasema ni nzuri, akauliza tumekuwa nazo tangu lini. Nikasema zamani. Akasema, basi mnazitunza sana, hata plastiki bado. Nikasema kwetu Bushi, kule Bukavu, ndivyo tunavyotunza vitu. (Mungu anisamehe, na wazee wangu wa Bushi pia.) Akanieleza, kwa upole ule ule, kwamba kwa mtu mwenye alama za chini kama mimi koperative haiwezi kutoa kredi bila dhamana, lakini kwa bahati anaona ninavyo vitu vya thamani, kwa hiyo tunaweza kuviandika: fotei mbili, frigo moja. Nikishindwa kulipa, kamyo inakuja kuvichukua. Akatoa simu akanipiga picha nikiwa nimesimama karibu na kila kitu, na mimi, mwenye diploma ya serikali, nikatabasamu. Kwenye ile ya frigo niliweka mkono juu yake kama vile ni mtoto wangu aliyefaulu mtihani.

Halafu akanipa kalamu, akasema, "Papa, ukitia saini, unasema mbele ya sheria kwamba hivi vitu ni vyako. Soma kwanza."

Nilisoma. Kalamu ilikuwa mkononi. Nyuma ya mbao nikasikia watu wanapumua, maana wakati huo nusu ya avenyu ilikuwa imejaa kwenye ule mwanya, na najua mnataka kuniuliza kama ningetia saini. Sijui. Nasema kweli mpaka leo sijui. Nilikuwa nafikiria kibanda, nafikiria Mama Nsimire akiimba, na kalamu ilikuwa inashuka.

Mbao zikaanguka ndani zote kwa pamoja. Papa Bauma akaingia kupitia ukutani, kofia mkononi, akasalimia kwa adabu, akapita katikati yetu akakaa kwenye fotei ya pili, mikono juu ya magoti.

Aline akamuuliza papa ni nani hapa nyumbani.

"Mimi ni mutu wa hizi fotei," akasema.

Nikajaribu kueleza kwamba anazipenda sana kila akinitembelea. Hakuna aliyeniangalia.

"Ni ng'ombe zangu mbili, madmazeli," Papa Bauma akaendelea. "Zilitembea kwa miguu toka Masisi mpaka ku soko. Papa Nsimire ni rafiki yangu, nilimupatia akalie. Sikumupatia aandikishe. Kama kamyo yenu iko inakuja, munipakie na mimi juu yake, sababu bila hizi siko na kazi mujini."

Hapo ndipo nilipoona viatu vya Aline vinanyanyuka kutoka chini, kimoja, halafu cha pili. Maji yalikuwa yanatambaa kutoka chini ya frigo, mekundu kidogo, yanakuja polepole kuelekea kwetu, na harufu ilikuwa imetangulia. Na Mama Riziki, ambaye alikuwa ameyaona yakitokea nje chini ya ukuta, akaingia mlangoni (yeye na mgeni wangu tu ndio waliotumia mlango siku hiyo) na beseni kichwani.

"Papa Nsimire, unisamehe," akasema. "Samaki zangu ziko zinakufa mara ya pili."

Akaondoa kitambaa cha kufuma, akakikunja vizuri akaniwekea mkononi, akafungua frigo, akaanza kuhamisha samaki mbele ya mgeni wangu, mmoja mmoja, akimwomba msamaha kila mkia ulipomgusa.

Ningetaka kuwaambia kwamba iliishia hapo. Lakini umati mbele ya nyumba hapa kwetu una maana moja tu, na mtu fulani alikuwa amekimbia mpaka soko kumwambia bibi yangu kwamba kwake watu wamejaa na ukuta umefunguliwa. Ukuta unafunguliwa wakati gani, kama si kutoa jeneza? Mama Nsimire alifika akilia, kitenge amejifunga kiunoni kama mfiwa, wanawake wawili wa kikundi chake wamemshika mikono, mmoja ameshaanza kukusanya mchango katika kikombe. Wakapita katikati ya watu, wakafika kwenye tundu la ukuta, akaniona nimesimama na kitambaa chake mkononi, mzima, katikati ya fotei na samaki. Niliona furaha ya kunikuta hai ikipita usoni mwake. Haikukaa sana.

Hakuna aliyemweleza, na hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameishi na mimi miaka ya kutosha. Aline akasimama, akampa mkono, walikuwa wanajuana kutoka kwenye kikundi, akamuuliza, nadhani kwa sababu kazi yake ilimtaka aulize, "Mama, katikati ya hivi vitu, vyenu ni vipi?"

Mama Nsimire akaangalia fotei, akaangalia frigo, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Vyetu ni ile meza," akasema, "na ule muzee."

Avenyu nzima ikacheka. Walicheka mpaka yule wa kikombe akalazimika kukaa chini, walicheka wakati fotei zinatoka kupitia ukutani na wanawake wanazisindikiza kwa nyimbo kama wanaotoa bibi arusi, walicheka Papa Bauma alipozihesabu upande wa pili wa barabara kana kwamba mbili zingeweza kupotea. Watu wawili tu hawakucheka, bibi yangu na Aline. Walikuwa wamesimama kando, na mimi nilikuwa karibu, kwa hiyo nilisikia.

"Na mimi?" bibi yangu akauliza. "Nikikuja kuomba kwa jina langu? Kibanda kinaisha mwisho wa mwezi."

Aline akamwambia kwamba alama zake ni nzuri, ni kati ya zile nzuri kabisa za soko, lakini nyumba ni moja, na yeye atalazimika kusema alichokiona leo, na wakubwa wake watauliza kama mama alijua. Itabidi kungoja. Mama Nsimire akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Hakuniangalia. Afadhali angenipigia kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na kelele hazikuja, siku hiyo wala siku zilizofuata. Mwisho wa mwezi kibanda kikachukuliwa na mwingine, na yeye akaendelea kuzunguka na rundo lake kichwani, na mvua ilipomkuta ilimbidi akimbilie pale pale, kwa mwenye kibanda mpya.

Papa Bauma alikuja jioni kunisaidia kupigilia mbao. Nilimwomba msamaha. Akaniambia fotei hazikuumia, niangalie aliyeumia. Basi.

Nilirudi koperative bila koti, nikamwomba Aline anirudilie yale ya polepole, tangu mwanzo, na safari hii nikayabeba yote. Nikaanza kulipa la shemeji, kidogo kidogo, kila juma, na kila nikilipa namtumia shemeji ujumbe wa baraka (hajajibu). Nikaweka akiba ya pesa ambayo zamani ilikuwa ya kinywaji cha Jumapili. Baadaye wakanipa kredi moja ndogo sana, ya gunia moja la makaa ya kuuza rejareja, ndogo mpaka nikaona aibu kuiomba, nikailipa siku yake. Nyingine nikailipa kabla ya siku. Hakuna mtu aliyepiga makofi. Nilielewa kwamba ndivyo ilivyo: alama hazipandi kwa siku moja ya maonyesho, zinapanda kwa siku nyingi ambazo hakuna anayekuangalia, na jinsi zinavyoshuka mnajua, mliniona.

Muda ulipita, kibanda kingine kikapatikana, si karibu na mlango kama kile, ni cha katikati, lakini kina paa. Safari hii Mama Nsimire aliomba kwa jina lake. Aline alikuja kwetu, akaanza kwa majirani kama kawaida, halafu akakaa kwenye kiti cha miguu mitatu, na mimi nikajibu nilipoulizwa tu. Kredi ikatoka. Kila mwezi bibi yangu alikwenda kulipa mwenyewe. Mimi sikuwahi kuigusa pesa ile, hata kuihesabu, na sikulalamika, maana niliona kwamba hata yeye ananiwekea alama zake, kimya kimya, na kwake nilikuwa chini kuliko koperative.

Halafu asubuhi moja, wakati deni linakaribia kwisha, mguu ulikuwa unamuuma. Alifungua pembe ya kitenge, akatoa zile pesa zimekunjwa, akaziangalia, akaniangalia mimi, na akaziweka mkononi mwangu. Hakusema nisichelewe. Akarudi kukanda mguu wake.

Nimeapa sitaazima tena hata kijiko kwa ajili ya kumpokea mgeni, na kiapo hicho ni rahisi kukitunza. Kigumu ni kile nilichokiapa njiani siku hiyo, kwamba sitakuja tena nyuma ya siku. Nilitembea mji mzima bila kusimama, walionisalimia niliwajibu nikiwa nimeshawapita, nikafika koperative milango bado haijafunguliwa. Mlinzi alikuwa anafagia. Akaniuliza shida ni nini. Nikamwambia nimeleta kredi ya bibi yangu, nikamtajia jina, naye anawajua wanawake wa soko wote na siku zao.

"Lakini muzee," akasema, "Mama Nsimire siku yake ni kesho."

"Najua."

"Sasa ulikuwa unakimbilia nini?"

Nikamwambia kesho naweza kufa, na sitaki kufa nikiwa nimechelewa tena. Alicheka, akanisogezea kiti. Sikukaa. Nilisimama pale mlangoni, pesa mkononi, mpaka walipofungua.